Mwisho wa Dunia Uliochorwa Stesheni ya Kolwezi

Charlotte Ntumba alizaliwa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni, mtaa wa Dilala. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana kuja kuchimba shaba, akaoa, akazaa, akazikwa hapa hapa. Kasai yenyewe Charlotte alikuwa hajawahi kuikanyaga. Kitshiluba chake, lugha ya huko, kilikuwa cha jikoni, cha kuulizia chumvi na kugombeza watoto wa watu. Mengine yote aliyasema kwa Kiswahili, na hesabu alizipiga kwa Kifaransa. Alikuwa mchoraji katika ofisi ya ramani za migodi. Kutwa alikuwa ameinamia meza ndefu, akinakili mashimo na mahandaki kwenye kalke, ile karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ambayo ukiilaza juu ya mchoro unauona wa chini yake.

Nilimfahamu vizuri kwa sababu nyumba yao na yetu zilitumia ukuta mmoja. Mimi ni Blandine. Wakati huo nilikuwa nimetoka tu shule ya uuguzi na niliishi na mama yangu, Mama Mianda, mjane, ambaye naye wazazi wake walitoka Kasai. Mume wa Charlotte aliitwa Banza, dereva wa treni za madini, mzaliwa wa Manono, kaskazini mwa mkoa wetu huu wa Katanga. Walipooana hakuna aliyeuliza kabila la nani ni lipi. Watu walikunywa, wakacheza, wakaenda kulala.

Habari yenyewe ilianza Jumapili moja mchana katika ukumbi wa parokia. Barnabé Mukalay, mwalimu wa fizikia, ndiye aliyetunza mashine ya sinema na kamera ya springi aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ubelgiji. Kila alipopata filimu alituita. Siku hiyo alituonyesha filimu fupi ya michoro iliyotoka Ulaya, isiyo na maneno hata kidogo. Mwanamume mnene mwenye baiskeli anapeleka maziwa nyumba kwa nyumba, asubuhi ile vita ya mabomu ya nyuklia inapoanza. Ving'ora vinalia, watu wanakimbia huku na huku, yeye anaendelea kuweka chupa mlangoni kwa mtu. Anapoweka ya mwisho, kiwambo kizima kinageuka cheupe. Basi.

Mwanzoni tulicheka, maana baiskeli ilikuwa inamkataa. Mwishoni hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akasema hayo ni mambo ya wazungu, sisi yanatuhusu nini. Barnabé akamjibu taratibu kwamba mawe ya mabomu ya kwanza yalichimbwa Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi, na watu kama baba zetu, ambao hakuna aliyewaambia wanabeba nini. Ndipo Charlotte akauliza kutoka benchi la nyuma, akimwita tata, yaani baba:

"Na siye, tata Barnabé? Kama ile siku inafika hapa Dilala, tutafanya nini?"

Barnabé akasema hajui. Wiki ile ile Charlotte akaanza kuchora.

Alichora jioni akitoka kazini, kwenye vipande vya kalke ambavyo ofisi ilikuwa inavitupa. Filimu yake ilikuwa na mke na mume katika nyumba ya kampuni kama zetu. Mke anasonga bukari, ugali wetu, wakati redio inapotangaza kwamba mataifa makubwa yamerushiana mabomu na wingu linakuja. Redio inawaamuru wafunge milango, wajaze maji, wasimfungulie mtu yeyote. Mume anafungua bomba: bomba linakohoa vumbi. Anang'oa milango ya vyumba ili ajenge kibanda chini ya meza, halafu anagundua kwamba sasa hana mlango wa kufunga. Alitufanya tucheke mpaka machozi. Hakuwa amechora watu wa hadithini, alituchora sisi. Alipokuwa amekamilisha fungu la karatasi alilishika kwa mkono mmoja na kuachia kingo kwa kidole gumba, na yule mama akasonga bukari mbele ya macho yetu, mwiko ukizunguka, kiuno kikifuata. Mama yangu alimwomba arudie mpaka kidole kikamuuma.

Barnabé alikuwa na filimu chache za kamera, haba sana, kwa hiyo walikubaliana kutopiga picha hata moja mpaka michoro yote iwe tayari. Na hapo ndipo ilipokwama. Charlotte alichora mpaka king'ora, akachora mwanga mweupe, kisha akashindwa. Barnabé alimwambia hakuna cha kushindwa: baada ya mwanga ule sayansi imesema yote, karatasi ibaki nyeupe kama ya yule mwuza maziwa. Charlotte hakuridhika. Fungu la mwisho likakaa kabatini bila mwisho.

Miaka hiyo mambo yenyewe yalikuwa yanaporomoka. Sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya ardhi iliangukia ndani, shaba ikapungua, mishahara ikawa inakuja inapotaka. Ofisini kwa Charlotte walikuwa wanachora ramani za mashimo ambayo hakuna aliyekuwa na mashine ya kuyachimba. Njaa ikitafuta mkosaji haichelewi kumpata. Wanasiasa wakaanza kusema mikutanoni kwamba kazi zote zimeshikwa na Wakasai, kwamba warudi kwao. Tukaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Walioanza kutuita hivyo walikuwa vijana tuliowajua kwa majina na kwa mama zao, tuliokuwa tumeimba nao kwaya.

Mwaka 1993, mvua zikiwa bado nzito, walikuja Dilala na marungu na madumu ya petroli. Nyumba ya kona iliwaka kwanza. Mama yangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliiacha sinia pale pale, akavaa viatu vyake vya kanisani na kuniambia nichukue blanketi na sufuria. Kiongozi wa wale vijana alisimama mlangoni kwa Charlotte akamwambia Banza kwamba yeye ni mtoto wa nchi, hana shida, abaki na nyumba yake na kazi yake. Mwanamke ndiye aende.

Niliona kwa macho yangu Banza akiingia ndani. Nilifikiri anakwenda kujificha. Akatoka na godoro kichwani na funguo mkononi, akampa yule kijana funguo.

"Nyumba bila Charlotte ni matofali," akasema. "Chukua."

Charlotte alibeba kifurushi kimoja tu, kimefungwa kwa kitenge. Ndani mlikuwa na nguo mbili, na vilivyobaki vyote vilikuwa karatasi zake.

Stesheni ya Kolwezi iliwahi kuwa mahali pa kwenda kupokea wageni. Sasa ilikuwa mji. Watu walilala kwenye jukwaa, kati ya reli, chini ya mabehewa mabovu, wote wakisubiri treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, ambayo leo inasemekana iko Tenke, kesho inasemekana haijatoka Kamina. Mvua ilinyesha juu yetu tukiwa tumesimama. Surua iliwapata watoto, kisha kuhara kukawapata wote. Mimi na wauguzi wengine wachache tulifanya tulichoweza kwa chumvi, sukari na maji yaliyochemshwa, na mara nyingi tulichoweza hakikutosha. Waliokufa tuliwazika nyuma ya maghala.

Lakini niseme pia lililo kweli. Siku ya pili tu asubuhi, akina mama walikuwa wameshapanga mawe ya mafiga. Wengine walikuwa wanachanana nywele. Behewa moja lisilo na magurudumu likawa la wazazi, na wanawake walijifungulia humo. Mwanamume mmoja wa Kilunda, mfanyakazi wa stesheni, ambaye hakuna aliyekuwa anamfukuza, alileta maji kwa toroli kila siku mpaka wale vijana wakamtishia, naye akaendelea. Mama yangu aligeuka mkuu wa foleni ya maji. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nene, na hata wanaume wakubwa walirudi nyuma alipoinua kata yake ya kuchotea.

Charlotte aliyatazama hayo yote. Watu walipochoka na mvua na habari za treni, alitoa mafungu yake na kuwaonyesha. Waliketi kumzunguka, naye akaachia kingo kwa kidole: mama akasonga bukari, bomba likakohoa vumbi, mume akang'oa milango. Kicheko kikapanda pale stesheni, kicheko cha watu waliofukuzwa kutoka kwenye milango yao wenyewe. Bibi mmoja akauliza ni kina nani hao. Kabla Charlotte hajajibu, mama yangu akasema, "Ni siye. Hauoni?"

Kicheko kile ndicho kilichowaleta. Vijana wakaja kupekua mizigo, wakafungua kitenge, wakaona kalke. Kiongozi wao akasema huyu ni mchoraji wa migodi, ameiba ramani. Charlotte akawaambia watazame wenyewe. Akawaachilia fungu moja mbele ya macho. Kijana alitazama mpaka mwisho, akatabasamu kidogo, na mimi nikafikiri yamekwisha. Kisha akanyakua fungu lililokuwa juu, lile la king'ora na mwanga mweupe, akalitupa kwenye moto wa bukari. Kalke huwaka upesi. Banza alikwenda kumshika, watu wakamzuia, maana wale walikuwa na mapanga. Walipoondoka, Charlotte aliketi mahali alipokuwa amesimama. Hakulia. Banza akamfunika blanketi, na siku iliyofuata yote hakunyanyuka hapo.

Aliyemnyanyua ni mama yangu. Alimletea kikombe cha uji akamwambia anywe, kisha amweleze filimu ilikuwa inaishaje. Charlotte akasema ilikuwa haijaisha, hakujua watu wanafanya nini baada ya mwanga ule.

Mama akamsogezea kikombe.

"Mi nafikiri unajua," akasema. "Angalia hapa mbele yako. Siye dunia yetu ilishaisha juzi. Batu banaamuka, banawasha moto, banauliza nani eko mugonjwa. Chora hiyo."

Charlotte akanywa uji wote. Kisha akauliza kama kuna mtu yeyote mwenye karatasi.

Zilipatikana. Masista wa parokia walituma kurasa za daftari ambazo hazijaandikwa. Mtu alitoa karatasi za mifuko ya unga, mwingine nyuma za picha za kalenda. Karatasi hizo hazikupitisha mwanga kama kalke, lakini behewa la abiria lililotupwa kando lilikuwa na dirisha moja zima linalotazama mashariki. Charlotte alikuwa anaingia humo jua linapopanda, anabandika karatasi mbili kwenye kioo, na jua linamwonyesha mchoro wa chini. Kila alipohitaji mtu atembee, alimwomba mtu atembee. Watu walipanga mstari kuchorwa kama walivyopanga wa maji. Mwenye toroli alichorwa na toroli lake. Mkunga wa behewa la wazazi alichorwa akinyoosha mikono. Mama yangu alitembea mbele ya dirisha lile akiwa na beseni kichwani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, huku Charlotte akimwambia asimame, ainue mguu, asubiri. Alilalamika sana. Alifurahi sana.

Mama hakuiona treni. Ugonjwa ulimchukua haraka, kwa siku moja na nusu, na mimi muuguzi nikiwa nimemshika. Tulimzika nyuma ya maghala na wengine. Niliweka beseni juu ya kaburi, kisha nikalichukua tena, kwa sababu tulilihitaji, na yeye angenigombeza.

Treni ilipofika tulipanda juu ya mabehewa na ndani ya mabehewa, na safari ile sitaisimulia hapa. Tulishuka Mwene-Ditu, katika nchi ambayo watu walituambia ni kwetu, na ambayo wenyeji wake walikicheka Kitshiluba chetu. Charlotte alipata kazi ya kuandika mabango ya maduka. Banza, dereva wa treni, aliuza mafuta ya mawese kwa chupa, naye akawa Mkatanga peke yake mtaani, akitaniwa na kupendwa. Michoro ilikamilika huko. Lakini kamera ilikuwa Kolwezi kwa Barnabé, na kati ya michoro na kamera kulikuwa na reli ile ile tuliyopitia.

Barnabé naye alikuwa na yake. Vijana walipekua nyumba yake wakisema anaficha mali za Wakasai. Kamera alikuwa ameifukia ndani ya gunia la mkaa, na mkaa huo mke wake hakuruhusiwa kuupikia hata siku walipokosa kuni. Alipoteza kazi kwa muda kwa sababu alikataa kusaini karatasi ya kutushtaki. Hayo hakuyaandika katika barua yoyote. Tuliyajua baadaye kwa mke wake.

Mwaka 1997 utawala ukabadilika. Wengi wetu hatukuamini, lakini Charlotte alifunga kitenge chake akamwambia Banza wanarudi nyumbani. Banza akauliza nyumba gani. Charlotte akajibu Kolwezi yote. Nami nikarudi nao, kwa sababu mama yangu yuko kule.

Nyumba ya Dilala ilikuwa na watu wengine. Walipanga chumba karibu na kwa Barnabé, na sebuleni kwake wakaanza kazi. Kamera ilifungwa juu ya meza kichwa chini. Karatasi moja, bonyeza. Karatasi nyingine, bonyeza. Barnabé alipofika kwenye sehemu ya mwisho, zile karatasi za daftari na mifuko ya unga, alizipitia zote, kisha akasema lile alilopaswa kusema mwalimu wa fizikia: baada ya bomu kama lile, hewa yenyewe ni sumu, watu hawa watakufa.

"Najua batakufa, tata Barnabé," Charlotte akamwambia. "Mi nachora vile balifanya mbele ya kufa."

Barnabé akaweka karatasi chini ya kamera, akabonyeza.

Filimu zilipelekwa Ubelgiji kusafishwa, mkononi mwa padri aliyekuwa anasafiri, na zikachelewa sana kurudi hata tukaanza kuzizungumzia kama marehemu. Zikarudi. Charlotte hakutaka kuiona kwanza peke yake. Alisema waliochorwa ndio wenye haki.

Ikaonyeshwa Jumapili baada ya misa, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa mablanketi. Watu walijaa mpaka ukutani: Wakasai waliorudi, Walunda, Waluba wa kaskazini, vijana waliokuwa watoto wakati ule. Walikuwapo pia, na nitasema wazi, watu waliokuwa wameshika marungu. Nilimwona mmoja wao ameketi na mtoto wake magotini. Mashine ilianza kuunguruma. Filimu haikuwa na sauti, kwa hiyo Banza alisimama kando ya kiwambo na honi aliyoazima karakana ya treni, na king'ora kilipofika aliipiga kiasi kwamba wengine waliinama.

Ukumbi uligeuka mweupe. Nyuso zote nilizoziona zilikuwa zinang'aa kwa mwanga ule. Ukakaa mweupe kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Kisha kwenye kona ya chini ukatokea mstari wa penseli, mstari ukawa mguu, mguu ukapiga hatua. Mchoro wenyewe ulitetemeka, maana karatasi zilikuwa za kila aina. Mistari ya daftari ilionekana nyuma yake, na maandishi ya mfuko wa unga, na mtu alikuwa anatembea juu ya hayo yote. Mke na mume wa Dilala wanatoka chini ya meza. Hawana mlango, kwa hiyo jirani anaingia. Mwenye toroli anakuja na maji. Mkunga ananyoosha mikono. Na katikati ya vumbi lile anakuja mwanamke mfupi mwenye beseni kichwani, akilalamika, sikusikia anachosema lakini nilikijua, na kata yake mkononi.

Mtu nyuma yangu akalitaja jina lake kwa sauti ya kawaida tu, Mama Mianda, kama anavyomsalimu njiani. Kisha mwingine akamtaja mwenye toroli. Kisha kila aliyetokea kwenye kiwambo akaitwa na mtu ukumbini, mmoja mmoja, waliokufa na walio hai, na waliokuwa hai wakaitikia kutoka kwenye mabenchi. Ukumbi ule ulipiga makofi filimu ikiwa bado inaendelea, ukasimama ikiwa bado inaendelea. Mimi nilisimama nikamtazama mama yangu akitembea, ananijia, mkubwa kama ukuta, mwenye afya, na nilikuwa ninacheka.

Yule niliyemwona na mtoto magotini hakutoka. Wakati wa kutoka alimwendea Charlotte, mtoto akiwa mkononi. Akauliza kama anaweza kuiangalia tena. Charlotte akamwambia itaonyeshwa tena Jumapili ijayo, kwa wote.

Ilionyeshwa Jumapili nyingi. Barnabé aliipeleka shuleni. Banza alirudishwa kuendesha treni, na kila alipopata ruhusa walibeba mashine na honi wakaenda Fungurume, wakaenda mpaka Sandoa juu ya lori la mahindi, na kila mahali watu waliwacheka wale wanaong'oa milango na kuwaita majina ya majirani zao wale wanaotoka kwenye vumbi. Wachimbaji wa Fungurume waliomba irudiwe papo hapo, na Barnabé alipowaambia balbu imepata joto mno, walikaa kuisubiri ipoe. Charlotte alikuwa pale mbele, mgongo umeegemea kiwambo, akiwaeleza jinsi mkono unavyochorwa ili ufungue mlango: kwanza bega, kisha kiwiko, vidole mwisho.